Kazi ya Kuishuku Namba

Katika chumba cha udhibiti cha kiwanda cha shaba cha aina inayoonekana pembezoni mwa Lubumbashi, namba moja ndogo inaweza kuamua zamu itakwisha vipi. Skrini inaonyesha 1.8. Hicho ni kipimo cha pH, ukali wa asidi ndani ya tangi ambamo mawe yaliyosagwa yanalowekwa ili yaachie shaba. Namba ikipanda, asidi imepungua na shaba inabaki kwenye mawe. Ikishuka mno, asidi inapotea bure, na asidi ya salfuri ni moja ya gharama kubwa za viwanda hivi. Opereta hana njia ya kuchungulia ndani ya tangi akajionea. Anaitegemea skrini. Anayehakikisha kwamba skrini haisemi uongo ni fundi wa vipimo, ambaye viwandani Katanga huitwa instrumentisti.

Wazazi wengi wanajua kazi ya umeme, ya umakanika na ya uchomeleaji. Hii ya vipimo haijulikani sana mitaani, ingawa hakuna kiwanda cha shaba, cha bia wala cha maji kinachoweza kwenda siku nzima bila watu wake.

Lubumbashi ina sababu ya kuielewa kuliko miji mingi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 tanuru la hapa likaanza kutoa shaba, mwaka mmoja tu baada ya mji wenyewe kuanzishwa kwa jina la Élisabethville. Katika matanuru ya zama hizo fundi mzoefu alisoma joto kwa rangi ya moto, na jicho lake ndilo lililokuwa kipimo. Leo Kongo ni nchi ya pili duniani kwa uzalishaji wa shaba baada ya Chile; mwaka 2024 ilitoa zaidi ya tani milioni 3. Hakuna jicho linaloweza kusimamia kiasi hicho. Tanuru jipya la Kamoa-Kakula karibu na Kolwezi, lililowashwa mwishoni mwa 2025, limejengwa kutoa tani 500,000 za shaba kwa mwaka, na ndani yake joto linapita nyuzi 1,200. Kila dakika vihisi vyake vinapeleka habari za joto, hewa, gesi na maji ya kupoza kwa watu walioketi mbali na moto.

Kupima, kupeleka, kuamua, kutenda

Kazi yote ya taaluma hii inaingia katika hatua nne. Kwanza kuna kihisi kinachogusa kitu chenyewe: joto, shinikizo, mtiririko, kina cha maji, uzito, pH. Pili kuna kipitishi, kifaa kinachogeuza kile kilichohisiwa kuwa mkondo wa umeme na kuupeleka chumba cha udhibiti. Tatu ni kompyuta ya kiwandani, ile inayoitwa automati, inayolinganisha namba iliyofika na namba inayotakiwa. Nne ni vali au mota inayotekeleza amri: kufungua kidogo, kufunga, kuongeza kasi.

Vihisi vyenyewe vingine ni vya kale. Mjerumani Thomas Seebeck alionyesha mwaka 1821 kwamba metali mbili tofauti zikiunganishwa na kutiwa joto upande mmoja huzaa umeme. Themokapo zinazopima matanuru mpaka leo zinafuata jambo hilohilo. Geji ya mviringo yenye mshale, ile inayoonekana kwenye mtungi wa gesi na kompresa ya gereji, ndani yake kuna bomba dogo lililopindwa linalojikunjua presha ikipanda. Mfaransa Eugène Bourdon alilisajili mwaka 1849.

Mpya zaidi ni namna habari inavyosafiri. Viwanda vingi duniani hutumia mkondo wa kuanzia miliampea 4 hadi 20. Kipitishi kilichowekwa kupima shinikizo la bar 0 hadi 10 hupeleka miliampea 4 pasipo na shinikizo, 12 likifika bar 5, na 20 likifika bar 10. Mwanafunzi huuliza mara moja kwa nini hesabu isianzie sifuri. Jibu ni kwamba sifuri imetengwa kwa ajili ya ajali. Waya ukikatwa na panya au ukiungua, mkondo unakuwa sifuri, na chumba cha udhibiti kinatambua kwamba kilichokufa ni chombo, hakijapima kitu kitupu. Kama sifuri ingekuwa na maana ya tangi tupu, waya uliokatika ungemfanya opereta aendelee kujaza tangi lililokwisha kujaa.

Ukimfuata fundi anayehakiki kipitishi kama hicho, utaona kazi isiyo na papara. Anaomba kibali, anafunga vali ya pembeni, anaweka kufuli lake na kibandiko chenye jina lake ili mtu asije akafungua. Anatoa shinikizo lililobaki, kisha anaunganisha pampu ndogo ya mkono na geji rejea, yaani geji iliyohakikiwa maabara na yenye cheti. Anaanzia sifuri, kisha anapandisha shinikizo hatua kwa hatua: robo, nusu, robo tatu, kamili. Kila hatua anasoma mkondo na kuuandika: 4, 8, 12, 16, 20. Halafu anashuka kwa hatua zilezile, maana chombo kinaweza kusema kweli kikipanda na kudanganya kikishuka. Palipotakiwa 12 akikuta 12.4, hakimbilii kurekebisha. Kwanza anaandika alichokikuta, ndipo anarekebisha, kisha anaandika alichokiacha. Karatasi yenye safu mbili hizo ndiyo humwambia mhandisi kwamba kwa wiki kadhaa zilizopita kiwanda kilikuwa kikifanya uamuzi kwa namba iliyopinda.

Chombo cha pH ni kisumbufu zaidi. Ncha yake ni tone la kioo chembamba, linaloishi ndani ya tope la asidi lenye mchanga unaolikwangua usiku na mchana. Jasi huganda juu yake, na kikishagandiwa huanza kusema polepole, kisha husema namba moja tu hata tangi likibadilika. Namba iliyotulia sana ndiyo inayompa fundi mzoefu wasiwasi. Anakitoa, anakisafisha, anakichovya katika kimiminika cha pH 7 kisha cha pH 4, ambavyo thamani yake inajulikana, na kuangalia kama kinakubali. Kikigoma, anakitupa.

Hatua ya tatu, ya kuamua, ina hesabu yake. Mama anayesonga bukari, yaani ugali, anatazama mambo matatu kwa pamoja: ugumu wake sasa hivi, muda ambao umebaki mwepesi, na kasi unayokazana nayo; kwa hayo anajua aongeze unga kiasi gani na apunguze moto lini. Kidhibiti cha kiwandani hufanya vivyo hivyo: hupima tofauti iliyopo, hujumlisha iliyopita na kukisia inayokuja. Mwaka 1942 Wamarekani John Ziegler na Nathaniel Nichols walichapisha kanuni rahisi za kupanga nguvu ya kila moja ya hesabu hizo tatu, na wanafunzi wa fani hii bado huanzia hapo. Mpangilio mbaya hufanya vali ifunguke na kufungwa bila kutulia mpaka ichakae.

Chombo kinapodanganya

Asubuhi ya tarehe 11 Desemba 2005, katika bohari ya mafuta ya Buncefield, Uingereza, petroli ilikuwa ikiingia tangini. Kipimo cha kina kilikuwa kimekwama. Skrini ilionyesha kina kilekile huku petroli ikiendelea kupanda. Swichi ya pili, iliyowekwa peke yake kwa ajili ya kukata petroli tangi likijaa, nayo haikufanya kazi. Petroli ikafurika, mvuke wake ukatanda, ukalipuka. Watu 43 walijeruhiwa, na moto ukawaka siku kadhaa. Kisa hicho hufundishwa kwa sababu vyombo vilikuwepo, tena viwili. Kilichokosekana ni mtu wa kuvijaribu na kuishuku namba iliyokataa kusogea.

Karibu na nyumbani, tarehe 18 Februari 2025, ukuta wa bwawa la topesumu ulibomoka Chambishi, upande wa Zambia, na mamilioni ya lita za maji ya asidi yakaingia katika mkondo unaomwaga maji yake katika mto Kafue. Mnamo Novemba mwaka huohuo maji machafu ya kiwanda yalimwagika katika mitaa ya Lubumbashi yenyewe, na serikali ikasimamisha kazi za kampuni iliyohusika. Mabwawa ya namna hii huwekewa vipimo vya shinikizo la maji ndani ya kuta zake, alama za kuonyesha kama ukuta unasogea, na vipimo vya kina. Kuvisoma, kuvilinda na kupiga kelele vikibadilika ni sehemu ya kazi hii, na anayeifanya anawalinda watu wasiojua hata kwamba yupo.

Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka Lubumbashi, ina mfano wa chini ya ardhi. Mgodi wake ulifunguliwa mwaka 1924 na ukasimama mwaka 1993, lakini pampu ziliendelea kutoa maji. Mwaka 2011 ziliposhindwa, maji yalipanda hadi kina cha mita zipatazo 850 chini ya ardhi, na kuyatoa kukachukua muda mrefu. Mwaka 2024 zinki ikaanza tena kuchenjuliwa pale. Katika mgodi wenye maji mengi hivyo, kihisi cha kina na kipimo cha mtiririko kwenye pampu vinahesabiwa pamoja na vifaa vya kuokoa maisha.

Ipo pia hatari ya mionzi. Ili kujua uzito wa tope la madini bila kuligusa, viwanda hufunga kwenye bomba chanzo kidogo cha mionzi, mara nyingi cesium-137, na upande wa pili kipokezi. Tope likiwa zito, mionzi inayopenya hupungua. Nguvu ya cesium hiyo hupungua nusu kila baada ya miaka 30 hivi, kwa hiyo chanzo kinaweza kuishi kuliko kampuni iliyokinunua. Kukifungua ovyo au kukiuza kama chuma chakavu ni balaa. Nchini Kongo usimamizi wa mionzi uko chini ya kamati ya taifa, CNPRI, na fundi anayeshika vyombo hivyo anahitaji mafunzo ya pekee na kipimo cha mionzi kifuani mwake.

Njia za kuingia

Mwanafunzi wa Nairobi anayeitaka fani hii anaweza kuikuta kwa jina lake: Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kina shahada ya udhibiti na ala za vipimo. Lubumbashi mlango huo wa moja kwa moja ni nadra. Watu huingilia milango ya pembeni, na kila mlango unampa mtu kitu fulani na kumnyima kingine.

Mlango wa kwanza ni sekondari ya ufundi, humanités techniques, miaka minne inayoishia kwenye Examen d'État. Machaguo yanayofaa ni umeme, elektroniki na kemia ya viwanda. Wasalesiani wa Don Bosco walifika hapa mwaka 1911 na kuanza kufundisha ufundi mwaka uliofuata. Institut Technique Salama ni yao, na jina lake linafahamika kwa waajiri wa mji. Kijana wa umeme anatoka akijua waya, mota na usalama, lakini huenda hajawahi kuona kemia ya tangi la asidi. Wa kemia anaijua asidi, ila kusoma mchoro wa saketi kunamtoa jasho. Yeyote kati yao akijifunza nusu aliyoikosa, tayari ameanza kuwa instrumentisti.

Mlango wa pili ni INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi iliyoanzishwa tarehe 29 Juni 1964. Tawi lake la Lubumbashi limejengewa majengo na kupewa vifaa kwa msaada wa Japani kupitia shirika la JICA. Kozi zake ni fupi kuliko za chuo, na zinamfaa pia mtu aliye kazini tayari: fundi umeme wa miaka kumi anayetaka kujua automati, au dereva wa mashine anayetaka kuhamia chumba cha udhibiti.

Mlango wa tatu ni Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU. Kitivo chake cha Polytechnique kinatoa wahandisi wa umeme na mitambo, metalajia, kemia ya viwanda na migodi, kwa masomo ya miaka isiyopungua mitano. Huko ndiko hesabu za udhibiti zinakofundishwa kwa kina. École Supérieure d'Informatique Salama, nayo ya Wasalesiani, huandaa watu wa programu na mitandao, na viwanda vinawahitaji kuliko zamani, kwa sababu vihisi vya leo hupeleka habari kwa mtandao na mtandao ni lazima ulindwe dhidi ya wavamizi.

Mlango wowote aupitao, mwanafunzi atakutana na shida moja: nadharia nyingi, vifaa vichache. Kipitishi kimoja cha kisasa ni ghali, na maabara ya shule haiwezi kuvinunua kila mara kiwanda kinapobadilisha. Hapo staji, yaani mafunzo ya vitendo kiwandani, ndiyo inayoamua. Anayeingia kiwandani akiwa na daftari, akaomba kumsindikiza fundi kwenye uhakiki, anajifunza zaidi ya yule anayesubiri kupewa kiti mbele ya kompyuta. Mengine yanaweza kuanzia nyumbani. Multimita ya bei nafuu, kihisi cha joto na bodi ndogo ya Arduino vinatosha kumfundisha mtu kupima, kuandika programu na, muhimu zaidi, kugundua kwamba vihisi viwili vilivyolala meza moja vinaweza kutofautiana kwa nyuzi mbili.

Lugha nayo ni ufundi. Ripoti na sheria ziko kwa Kifaransa. Vitabu vya watengenezaji wa vyombo mara nyingi viko kwa Kiingereza. Mgodi wa Ruashi unamilikiwa kwa sehemu kubwa na kampuni ya Jinchuan, na ule wa Tenke Fungurume na CMOC, zote za China, na katika viwanda vyenye wamiliki wa namna hiyo kujua maneno mia mawili ya Kichina ya kazini humtofautisha mtu. Lakini maelekezo ya zamu hutolewa kwa Kiswahili. Fundi asiyeweza kumweleza opereta kwa Kiswahili chepesi kwa nini asiiamini namba fulani hajamaliza kazi yake.

Kazi zilizopo

Anayeanza huitwa fundi msaidizi: anavuta nyaya, anasafisha vihisi, anaandika karatasi za uhakiki. Akikomaa anakabidhiwa eneo zima la kiwanda, kisha anaweza kuwa msimamizi wa timu au mtaalamu wa automati anayeandika programu zenyewe. Wengine huhamia upande wa opereta wa chumba cha udhibiti, na wale wa chuo kikuu huwa wahandisi wa udhibiti wanaopanga kiwanda kipya kabla tofali la kwanza halijawekwa. Kazi ni ya zamu, usiku kwa mchana. Migodi ya mbali huwaweka watu kambini kwa majuma, na asidi, vumbi na ngazi ndefu ni sehemu ya siku.

Si madini peke yake. Brasimba, wenye bia ya Simba, wanahitaji joto sahihi la kuchemsha na shinikizo sahihi la gesi kwenye chupa. Shirika la maji, REGIDESO, hupima klorini na uchafu wa maji. Katika hospitali za mji, mashine za oksijeni, friji za chanjo na vichunguzi vya moyo vinategemea vipimo pia, na fundi wa vifaa tiba anayezihakiki ni ndugu wa karibu wa yule wa kiwandani.

Umeme unatoa mfano mzuri wa kazi inayozaliwa upya. Bwawa la Mwadingusha juu ya mto Lufira lilianza kuzalisha mwaka 1930. Mitambo yake sita ilipofanyiwa ukarabati uliokamilika mwaka 2021, ikarudi na megawati 78, na pamoja na mitambo ukaja udhibiti wa kidijitali.

Kuna pia kisa cha kilima cheusi cha masalia ya tanuru kinachoonekana karibu kila mahali mjini. Kampuni ya STL, iliyo chini ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, hukichakata upya, na mwaka 2024 ilianza kusafirisha jermaniamu kwenda kwa Umicore, Ubelgiji. Madini hayo hutumika katika nyaya za mawasiliano za nyuzi za kioo na katika lenzi za kamera zinazoona joto. Kamera hizo ni chombo cha kila siku cha fundi wa viwandani: humwonyesha nyaya zinazopata moto na beringi inayokaribia kufa. Lubumbashi inauza malighafi yake na kununua chombo kilichokamilika.

Nafasi iliyo wazi zaidi pengine ni ya kujiajiri. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 inataka kazi za ukandarasi mdogo zipewe kampuni zenye mtaji wa Wakongo, na mamlaka ya ARSP ndiyo inayoisimamia. Uhakiki wa vipimo ni kazi ya aina hiyo hasa: kampuni ya mgodi haihitaji kuwa na maabara yake, inahitaji cheti kinachoaminika. Vikundi vya vijana waliohitimu vinaweza kuanza na geji rejea, pampu ya mkono, kipimo cha mkondo na gari moja. Kitakachowakwamisha ni cheti chenyewe, kwa sababu maabara ya uhakiki hutambuliwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 17025, kinachodai kwamba kila geji rejea nayo iwe imehakikiwa na iliyo bora kuliko yenyewe, kila fundi awe na rekodi ya mafunzo, na kila namba itolewe pamoja na kiasi inachoweza kukosea. Kufikia hapo huchukua miaka na fedha, na ndiyo maana anayeanza sasa, hata kwa kuhakiki geji za kompresa za gereji na mizani ya wafanyabiashara, atakuwa na rekodi za kuonyesha siku mgodi utakapotangaza zabuni.